Kovu la Mama Mdogo Felisia

Kila asubuhi Goodness alikaanga maini kabla ya kwenda sokoni na mama yake mdogo, Felisia. Likizo hiyo ya mwaka 1998 alikuwa Guangzhou, China, ambako Felisia alinunua nguo za jumla mtaa wa Zhanxi na kuzisafirisha Mwanza.

Goodness alikuwa amechoka. Watu walisema maini yanaongeza damu, lakini mama mdogo alizidi kupauka. Ulimi ulimuuma, na nyayo zilikufa ganzi hata kandambili ikimtoka mguuni asijue.

"Malizia maini basi, mama mdogo," Goodness alimwambia.

"Usinisumbue. Wewe ndiye uliyenizaa?"

Siku hiyo Felisia alianguka juu ya marobota. Bonaventure, mfanyabiashara Mkongo aliyejua Kichina, aliwapeleka kwa daktari na kuwa mkalimani.

"Tantine, mama, docteur anauliza, ulishapasuliwa tumbo?"

"Hapana," Felisia akajibu haraka.

Goodness alilijua kovu lile la upasuaji wa vidonda vya tumbo. Alijua pia kwa nini linafichwa: neno likimfikia Bonaventure, Zhanxi nzima italisikia na kumwona mgonjwa. Lakini daktari alikuwa ameshaanza kuandika dawa ya minyoo.

"Alipasuliwa," Goodness akasema kwa sauti ndogo.

"Nyamaza, mtoto."

"Siwezi. Nakukaangia maini kila siku na bado unaanguka."

Bonaventure alitafsiri. Daktari akaweka kalamu chini, akaagiza damu ipimwe, kisha akaeleza.

"Anasema tangu upasuaji ule chakula chako kinapita njia ya mkato," Bonaventure alisema. "Kinaruka sehemu ya utumbo inayofyonza madini ya chuma. Vitamini B12 nayo huipati vizuri. Ndiyo maana damu imepungua na miguu ina ganzi. Utachomwa sindano, utameza vidonge, na damu utapima maisha yako yote."

"Nyumbani, madaktari walionipasua waliniambia nirudi kuchomwa sindano," Felisia akanong'ona. "Nilijiona mzima, nikaacha."

Walipotoka, alikataa kushikwa mkono na Goodness.

Baada ya wiki kadhaa nguvu zilianza kurudi, ingawa ganzi haikuwa imeisha. Jioni moja Felisia alimwita Goodness akae karibu.

"Nilikukasirikia, mwanangu, kwa sababu ulinivua nguo mbele ya watu. Lakini daktari hutibu anachoambiwa. Mimi nilimpa uongo, naye akataka kunipa dawa ya uongo wangu. Mheshimu mkubwa, ila akificha ugonjwa wake, usimsaidie kuuficha."

"Na Bonaventure je? Amesema?"

"Hajasema. Nimesema mwenyewe. Kumbe kuna wanawake wawili pale Zhanxi wana kovu kama langu, nao waliacha sindano kama mimi. Lazima wajue."