Njaa ya Mama Wepesi

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Wepesi. Alizaa watoto wanne, na wote walitoka upesi, hata maji jikoni hayajachemka. Wanawake wenye mimba walimfuata wamuulize siri yake. Naye hakuwa mchoyo wa maneno.

"Kula kidogo," aliwaambia. "Tumbo likianza kuonekana, punguza chakula. Asubuhi chai ya rangi na kipande cha mkate. Mchana vumilia. Jioni vijiko viwili vitatu, basi. Mtoto akinenepa tumboni, siku ya kuzaa utakiona cha mtema kuni!"

Wanawake walicheka, kisha wakaenda kufanya hivyohivyo. Jamani, ushauri mbaya hauhitaji nauli.

Mama Wepesi aliishi na mwanawe wa kwanza, fundi bomba, pamoja na mke wa mwanawe, mshonaji wa sare za shule. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Cherehani ilikaa dirishani. Spana na vipande vya bomba vilijaa chini ya kitanda. Mshonaji alikuwa na mimba yake ya kwanza, nayo ilikuwa imeingia mwezi wa sita. Aliyepakua chakula ni mama mkwe, kwa hiyo sahani ya mshonaji ilikuwa ndogo kuliko zote.

"Mama, nasikia kizunguzungu," mshonaji alisema siku moja. Sindano ilikuwa imemchoma kidole, na sketi ya mtu imeingia damu.

"Ni mimba hiyo, mwanangu, itapita. Mimi nilimbeba mumeo na kizunguzungu tangu asubuhi mpaka jioni. Mtazame sasa, pande la mtu!"

Fundi alicheka. Alikuwa na mabega mapana na mzaha mwingi. "Mama, si wewe unayesema nilizaliwa kama panya?"

"Panya kabisa! Ulienea kwenye kiganja changu. Lakini sikushonwa hata uzi mmoja."

Siku hizo fundi alikuwa akiamka na kichwa kinachogonga. Alisema ni jua. Wahudumu wa afya walipopita kazini kwao kupima watu presha, walimwambia yake iko juu sana, aende hospitali. Hakwenda. "Presha ni ya wazee," alisema. "Mimi hata miaka arobaini sijafika." Mficha maradhi, kilio humfichua.

Kilio hakikuchelewa. Fundi alikuwa amelala chali chini ya sinki la mteja. Spana ikamtoka mkononi. Alitaka kuiokota, mkono ukakataa. Alitaka kuita, mdomo ukaenda upande. Mteja alidhani amelewa. Alipogundua kwamba ni ugonjwa, muda mwingi ulikuwa umepita.

Kilikuwa kiharusi. Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kichwani kwa sababu ya presha. Fundi hakufa. Lakini alirudi nyumbani mkono wa kulia ukining'inia, na maneno yakitoka kwa shida. Fundi bomba bila mkono wa kulia! Mama Wepesi alilia mpaka sauti ikamkauka.

Wiki iliyofuata alimsindikiza mshonaji kliniki. Mkunga alimpima uzito, akampima tumbo kwa utepe, akapima tena. Alivuta chini kope la jicho lake, ndani palikuwa peupe kwa kukosa damu.

"Tumbo lako ni dogo kuliko miezi yake," mkunga alisema. "Unakula nini, mdogo wangu?"

Mshonaji alimtazama mama mkwe wake, akainamisha kichwa. Mama Wepesi akajibu kwa niaba yake. Alieleza yote, chai ya rangi, mkate na vijiko vya jioni. Alieleza kwa fahari, kama alivyozoea.

Mkunga aliweka utepe mezani. "Mama, wewe una mtoto fundi bomba, sivyo? Hebu niambie. Nyumba ikijengwa na bomba jembamba, gumu, halafu maji yakasukumwa kwa nguvu, nini hutokea?"

"Litapasuka, hilo hata mimi nalijua."

"Basi mishipa ya damu ya mtoto hujengwa humu tumboni. Kinachoijenga ni chakula cha mama. Chakula kikiwa kichache, mwili wa mtoto hufanya uchaguzi. Hulisha ubongo kwanza. Mishipa na figo hupata makombo. Mishipa huweza kutoka myembamba na migumu. Figo, ambazo husaidia kurekebisha presha, huwa na upungufu. Huyu mtoto atazaliwa, atacheza, atakua. Hutaona kitu. Lakini akiwa mtu mzima, presha inaweza kumpanda mapema."

Chumba kilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Mama Wepesi aliuliza polepole, "Hata akikua akawa pande la mtu?"

"Hata hivyo. Ukubwa wa nje hauonyeshi mishipa ya ndani."

"Mwanangu alizaliwa kama panya," alisema. "Sasa ana kiharusi. Ni mimi?"

Mkunga alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Sitakudanganya, mama. Hakuna awezaye kusema ni wewe. Presha ina sababu nyingi. Kuna chumvi nyingi, sigara, pombe, unene, na kurithi. Wengi waliozaliwa wadogo ni wazima. Na yeye aliambiwa aende hospitali, hakwenda. Lakini njaa ya tumboni huongeza hatari. Hilo pia ni kweli."

"Nilimfundisha kila mtu hapa mtaani," Mama Wepesi alisema. "Kila mtu!"

"Hukujua. Na huo wepesi wako ulikuwa bahati. Mama mwenye njaa hukosa damu na nguvu, na siku ya kuzaa anaweza kufa. Huyu mkweo bado ana muda. Ale milo mitatu, na kitu kidogo katikati. Maharage, yai, samaki au nyama mkipata, mboga za majani, matunda. Chumvi kidogo. Si lazima ale sahani ya watu wawili, ale chakula kizuri ashibe. Na vidonge hivi vya kuongeza damu, ameze kila siku."

Kuanzia siku hiyo sahani ya mshonaji ilikuwa ya kwanza kupakuliwa. Mama Wepesi alimkalia mbele mpaka amalize. "Kula, mwanangu. Bado yai." Mshonaji alirudiwa na rangi, na kizunguzungu kikaisha. Fundi naye alimeza dawa zake za presha bila kuruka, na chakula chake kilipikwa kwa chumvi kidogo. Mama alimlisha kwa kijiko. Lakini hakumtazama usoni, wala hakumwambia aliyoyasikia kliniki. Aliogopa. Loo, aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa uchungu wa kuzaa!

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye uzito mzuri na sauti ya kuamsha mtaa. Uchungu ulikuwa mrefu, lakini mshonaji alikuwa na nguvu za kusukuma. "Ameanza vizuri," mkunga alisema. "Mengine mtayajenga nyumbani."

Haukupita muda mrefu, msusi, jirani yao, alibisha hodi. Alikuwa na mimba, na uso umemsinyaa.

"Mama Wepesi, nimekuja. Naanza lini kupunguza chakula?"

Fundi alikuwa ameketi palepale, akijaribu kukunja vidole vya mkono wake wa kulia. Mama Wepesi alimtazama mwanawe, kisha msusi. Angeweza kumpeleka mgeni nje wakaongee huko. Hakufanya hivyo.

"Usipunguze," alisema. "Niliwadanganya bila kujua. Mtoto hujengewa mishipa ya damu kwa chakula cha mama yake. Mimi huyu mwanangu nilimnyima. Nilimnyima kwa makusudi, nikajisifu. Huenda ndiyo sababu moja ya haya unayoyaona."

Msusi alishika tumbo lake. Fundi aliacha kuhangaika na vidole. Mdomo wake ulichukua muda kupata maneno.

"Mama. Ulikuwa... unasikia njaa?"

"Sana, mwanangu. Nilikuwa nikilia kwa njaa."

Fundi alifikiri.

"Basi tulikuwa wawili," alisema.

Mama Wepesi alipiga magoti, akakishika kile kiganja kisichoshika, akalia bila kujificha. Fundi aliweka mkono wa kushoto juu ya kichwa cha mama yake. Msusi alisimama mlangoni, hajui akae au aondoke.

"Usisimame hapo," Mama Wepesi alimwambia, machozi yakimtiririka. "Nenda nyumbani ukale."