Abee, Baba

Jumamosi ile nyumba ya Celestina, pale Mkolani, ilikuwa imetulia. Annet, binti yake wa darasa la saba, alikaa barazani akimenya ndizi huku akiimba chini chini. Akiimba, jamani! Tangu wamzike baba yake kwao Muleba, mtoto huyu alikuwa hali chakula vizuri, halali bila taa, darasani analaza kichwa juu ya dawati, na ukimwita jina kwa ghafla anashtuka mwili mzima. Celestina alimchungulia kupitia dirisha la jikoni, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mtoto wangu anarudi, aliwaza.

Hebu niwaeleze mtoto alikuwa ametoka wapi. Rugemalira, baba yake, alipigwa na kiharusi akalala kitandani muda mrefu. Celestina ilibidi aende kuuza vitenge mjini ili nyumba ipate kula, kwa hiyo mgonjwa aliachiwa Annet. Kabla ya shule amgeuze na kumlisha uji. Akirudi afue mashuka, halafu ndipo ashike vitabu, na mtihani wa taifa unamsubiri. Akiwapo yeye, nyumba ile ilikuwa na sauti mbili tu: "Annet!" na "Abee, baba." Na sisi majirani tulifanya nini? Tulimsifu! Binti ana adabu, binti amekomaa, anaitika vizuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema, mwanangu, leo kacheze, mimi nitakaa na mzee.

Baada ya mazishi, mwalimu wake ndiye aliyemwambia Celestina ampeleke kwa mshauri nasaha, mama mmoja aitwaye Gladness, mwenye ofisi maeneo ya Nyamagana. Annet aligoma. "Mimi siyo kichaa, mama!" Akapelekwa huku amenuna, akakaa kitini akitazama viatu vyake. Gladness hakumbana. Alitoa uzi na sindano ya kufumia, akaanza kumfundisha kufuma kitambaa, na siku zikapita hivyo, wanafuma tu. Celestina alikuwa akinung'unika kwamba hayo siyo matibabu. Mpaka asubuhi ya Jumamosi hiyohiyo, Annet aliweka uzi chini, akakubali mama yake aitwe ndani asikie.

"Siku ile baba aliniita," alisema bila kuinua uso. "Nilikuwa nimechoka sana. Nikajifanya nimelala. Nilipokwenda nikakuta ameshakufa."

Celestina alimkumbatia wakalia wote. Wakati wa kuagana, Gladness alimvuta pembeni. "Mama Annet, hili jambo ni lenu ninyi wawili. Likitoka nje, mtoto hatafungua tena mdomo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, dada. Kabisa."

Alielewa, ndiyo. Lakini jioni hiyo ilikuwa zamu ya nyumba yake kupokea jumuiya ya sala.

Nyinyi mnaosali jumuiya mnajua tunavyofanya. Mikeka inatandikwa, tunasoma neno, tunaimba, halafu kila mwenye nia anaitaja ili wenzake wamwombee. Mmoja aliomba kwa ajili ya safari, mwingine kwa ajili ya ng'ombe wao wanaougua kule Misungwi. Zamu ikafika kwa Celestina, na moyo wake ulikuwa umejaa mpaka pomoni.

"Wapendwa, tumwombee Annet wangu," alisema kwa sauti ya kilio. "Kumbe mtoto anateseka. Siku ile baba yake anakufa alimwita, yeye akajifanya hasikii."

Annet alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai mkononi. Aliiweka sakafuni taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka. Mama Masele, jirani yao, mwanamke mwenye moyo mzuri kuliko wengi wetu, akanyanyuka mbio kumkumbatia.

"Usilie mwanangu. Mungu ana huruma, atakusamehe kosa lako."

Kosa lako! Mama wa watu hakukusudia ubaya wowote. Lakini tangu siku hiyo Annet hakuimba tena, wala hakusema zaidi ya ndiyo na hapana.

Siku ya kwenda tena kwa Gladness ilipofika, Celestina alimkuta Annet ameshikilia chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Annet, bajaji inatusubiri. Twende."

"Siendi."

"Utakwenda! Nimefunga biashara yangu kwa ajili yako, halafu unaniletea jeuri?"

"Niende kufanya nini, mama? Nikisema kule, wewe unakuja kuwaambia watu."

Celestina akapandwa na hasira. Alimvuta mkono, mtoto akang'ang'ania, kitanda kikaburuzika. Mwishowe akampigia simu Gladness, akamsimulia yote huku akilalamika.

"Usimlete kwa nguvu," Gladness alisema. "Mwombe radhi kwanza. Na usimwache peke yake siku hizi, nakusihi."

Celestina alikata simu. Mzazi amwombe radhi mtoto aliyemzaa mwenyewe? Wapi na wapi! Kwao alilelewa akijua mkubwa akikosea, mdogo anatazama pembeni, maisha yanaendelea. Hakuomba radhi. Na Jumamosi iliyofuata akatoka asubuhi kwenda dukani kununua mkaa, akamwacha mtoto peke yake.

Aliporudi aliita, "Annet!"

Kimya.

Aliingia chumbani. Kitanda kimetandikwa, sare ya shule imekunjwa vizuri juu yake, na kile kitambaa cha kufuma kimewekwa juu ya sare. Ndala hazipo. Alitoka mbio mpaka kwa Mama Masele, hata hodi hakupiga, wakaanza kuuliza njia nzima. Dereva mmoja wa bodaboda akawaambia alimwona binti mwenye sweta la bluu akitembea kuelekea ziwani, Luchelele.

Ufukweni kulikuwa na wanawake wanageuza dagaa juani. "Wa sweta la bluu?" mmoja alijibu. "Yupo nyuma ya mawe yale. Tumemsikia anaongea, tukadhani ana simu."

Celestina akayazunguka mawe. Annet alikuwa ndani ya ziwa, maji yamefika kiunoni, uso ameuelekeza magharibi, upande wa kwao Muleba.

"Abee, baba!" alikuwa akiita. "Abee! Nimesikia, baba! Abee!"

Na kila akiitika anapiga hatua moja mbele.

Mama Masele alifungua mdomo apige ukelele. Celestina akamziba kwa kiganja. Alijua mtoto yule akiitwa kwa ghafla anashtuka, na chini pale palikuwa na mawe yenye utelezi, mbele yake kina. Ee Mungu wangu, nisimpoteze na huyu. Akaingia majini na kitenge chake, polepole, akiongea kwa sauti ya chini tangu mbali.

"Ni mimi mama. Nakuja kusimama na wewe. Sikugombezi."

Annet hakugeuka. "Nataka nimwitikie. Sikumwitikia."

"Nisikilize mwanangu. Kabla ya yote, nisamehe. Ulinipa siri yako nikaitoa mbele za watu. Nimekosa mimi, siyo wewe. Nisamehe, Annet."

Mtoto aligeuza kichwa. Hakuwa amewahi kusikia neno lile kutoka kwa mama yake.

"Baba alikuwa akikuita asubuhi," Celestina aliendelea, meno yakigongana. "Uliitika?"

"Niliitika."

"Mchana, jioni, siku zote zile? Nani alikuwa anaitika?"

"Mimi."

"Basi baba yako alikufa akijua ana binti anayemwitikia. Siku ile ulikuwa umechoka, kwa sababu sisi wakubwa tulikubebesha mzigo wetu. Lile siyo kosa lako. Hukumuua baba. Ni ugonjwa uliomuua."

Annet alianza kulia kwa sauti, kilio kikubwa ambacho hakuwa amelia hata makaburini, akamwangukia mama yake. Celestina alimdaka, Mama Masele naye akaingia majini, wakamtoa. Wanawake wa dagaa wakamfunika kanga zao wala hawakuuliza neno.

"Twende kwa dada Gladness sasa hivi," Celestina alisema. "Mimi nitakaa nje getini. Ukitoka, sitakuuliza."

"Kweli hutauliza?"

"Kweli."

"Leo nitakwenda. Siku nyingine niachie niamue mwenyewe."

Alikwenda, na mwenyewe akamweleza Gladness habari za ziwani. Celestina alikaa juani nje ya geti, nguo zikimkaukia mwilini. Annet alipotoka, swali lilimwasha mama mtu ulimini. Akalimeza.

"Una njaa?" ndilo alilouliza.

Ameendelea kwenda. Kuna siku anakataa, wanakubaliana waende siku nyingine. Kwenye jumuiya, Celestina zamu yake ikifika husema, "Nina nia yangu, Mungu anaijua." Na Mama Masele siku hizi huja kuosha vyombo pale bila kuombwa, ili mtoto asome.

Juzi Celestina alikuwa jikoni akaita, "Annet!"

Kabla hajaitikiwa, alishatoka mbio na mwiko mkononi. Halafu sauti ikatoka chumbani.

"Abee, mama. Nimechoka, naomba nilale kidogo."

Celestina aliweka mwiko chini. "Lala mwanangu," alisema, "mimi nipo."

Funzo

Wenzangu, mtoto anayekataa kwenda kwa mshauri mara nyingi siyo jeuri. Ana sababu, na huenda sababu hiyo ni wewe. Siri aliyokupa usiipeleke popote, hata kwenye sala. Mungu ameshaisikia bila wewe kuitangaza. Ukikosea, mwombe radhi, hutapungua kitu. Ukiona mtoto amezidiwa, usimwache peke yake, na tafuta mwenye ujuzi mapema. Nasi majirani, tukiona mtoto anabeba mzigo wa mtu mzima, sifa zetu tuziweke kando. Tuingie ndani tumpokee.