Anwani ya Silja

"Silja ni nani?" Tuuli aliuliza kwenye meza ya kahawa ya ofisi. Jarkko, mwenye kampuni, alikuwa akijimiminia kahawa. Eero, fundi wa tovuti, mdomo ulikuwa umejaa kiandazi cha Kifini cha wali. Nje, mji wa Tampere, Finland, ulikuwa bado kiza, kama ilivyo kila asubuhi ya Novemba.

"Ni anwani ya tovuti," Jarkko alisema, na hilo halikuwa jibu. "Mwenyewe hakulipia tena, nimeiokota. Hospitali zinaelekeza watu kule, sharika zinaelekeza, magazeti yanaelekeza. Dhahabu hiyo, jamani!"

Kwa asiyeijua kazi hii: mtambo wa kutafuta mtandaoni hutazama ni akina nani wanaokutaja. Ukitajwa na hospitali, unapanda kwenye majibu yake. Ukitajwa na wapuuzi, unabaki chini. Basi wapo watu wanaovizia tovuti iliyofiwa na mwenyewe. Wanaingia, wanatupa vya marehemu nje, na kila kiungo kilichokuwa kikielekea kwake kinaanza kumfaidi muuza pampu za joto, zile mashine za kupasha nyumba. Wanaiita ufundi. Nyumba iliyohamwa, milango wazi pande zote, na hakuna hata mmoja wao anayepiga hodi.

Kazi ya Tuuli ilikuwa kuandika makala. "Weka na picha yako," Jarkko alimwambia. "Siku hizi mtambo hauamini mwandishi asiye na sura. Sema una familia. Watu wanapenda mama."

Akaandika: Tuuli Harjula, mwandishi, mama wa mtoto mmoja. Akaweka picha yake na binti yake Venla, wamesimama gatini, ziwa nyuma yao. Kisha makala ya kwanza: Je, nyumba yako ina baridi?

Kesho yake, chini ya makala, palikuwa na neno moja. Ndiyo.

Sehemu ya maoni Tuuli alikuwa ameifunga kwa mkono wake.

"Mteja wa kwanza huyo!" Eero alicheka. "Mpe bei haraka kabla hajaganda!"

Akalifuta. Mchana likarudi, limeongezeka. Ndiyo. Na nimelowa, mama.

Tuuli hakushtuka, na hilo ndilo lililokuwa baya. Vidole vilikufa ganzi tu, kama vya mtu aliyezoa theluji bila glavu. Akafuta tena, akanywa kahawa, na kahawa ikanuka matope na majani yaliyooza majini.

Ijumaa ilikuwa zamu yao ya sauna, chumba cha mvuke cha jengo lao. Venla, mwenye miaka sita, alipanda benchi la juu, akajibana ukutani.

"Mbona unajibana, Venla?"

"Nampisha."

"Unampisha nani?"

"Sema polepole. Anasikia baridi."

Tuuli akachota maji akayamwaga juu ya mawe ya moto, na mawe hayakulia, hayakutoa hata mvuke, na alipoweka kiganja kwenye benchi kati yake na mtoto alikuta mbao baridi kama za gati wakati wa barafu, baridi iliyokuwa ikichuruzika kuelekea paja lake ikiwa na ile harufu ya ziwa, na mle ndani mlikuwa na pumzi yake, na pumzi ya Venla, na nyingine, fupi, ya mtu anayetetemeka meno, na alitaka kupiga kelele lakini kelele haikuja, ilikuja tu ganzi, ikapanda kutoka kiganjani hadi begani ikakaa hapo.

Jumatatu alipiga simu Raili, shemasi wa usharika mmoja wa kaskazini.

"Wewe ndiye Tuuli wa kwenye picha? Hebu niambie, binti yangu, kwa nini mtoto wa Helmi anauza pampu?"

"Mtoto yupi, mama?"

"Silja. Aliteleza gatini, akazama. Mama yake akafungua tovuti hiyo, akawa anamwandikia humo kila jioni, miaka na miaka. Wazazi wengine waliofiwa wakaja, ndiyo maana hospitali zikawa zinawaelekeza. Helmi mwenyewe alikufa majira ya kuchipua yaliyopita."

Tuuli alinong'ona, "Na huyo mtoto, nani amemwambia kwamba mama yake amekufa?"

"Hakuna," Raili alijibu. " Kwake yeye mama alinyamaza tu. Halafu ukaja wewe, ukamuuliza kama ana baridi."

Tuuli akamwendea Jarkko, akamsimulia yote. "Ifunge. Nakuomba."

"Tuuli bwana! Mteja yuko ukurasa wa kwanza, nifunge eti umeota ndoto ndani ya sauna? Omba likizo, nitakupa."

Akafuta ukurasa wake, jina na picha. Asubuhi vyote vilikuwa vimerudi. Mama wa watoto wawili. Na kwenye picha Venla hakuwa ameshika tena mkono wake. Alikuwa amesogea ukingoni mwa gati, kama anayempisha mtu, na mbao kati yao zilikuwa zimelowa. Kila alipofungua, Venla alikuwa karibu zaidi na maji. Nyumbani mtoto alianza kuamka nywele zikichuruzika maji.

Tuuli akampigia Raili simu, naye hakumcheka. Aliwasha mshumaa kwenye kaburi la Helmi, akamwambia Silja kwa sauti mama yake yuko wapi. Kisha akarudi ofisini akaondoa kiungo cha kwenda kwa Silja kwenye tovuti ya usharika. Jioni ile Tuuli alifungua picha. Venla alikuwa amerudi nyuma ubao mmoja.

Basi akaacha kazi kwa Jarkko. Sasa anafanya kazi ile ile kinyumenyume: anawaandikia watu mmoja mmoja, akiomba waondoe viungo vyao. Kila kiungo kikiondoka, mlango mmoja umefungwa, na Venla anarudi nyuma ubao mmoja. Wengine wanamdhani tapeli. Wengine hawajibu. Kuna hospitali ambayo hakuna tena anayejua nywila ya tovuti yake. Na Jarkko, ambaye hajalowa hata soksi, ananunua viungo vipya vya kuelekea kule, na kila kimoja kinamrudisha Venla mbele. Jana kisigino chake tu ndicho kilichokuwa juu ya mbao.

Wewe unayesoma, kama unatunza tovuti yoyote, ya shule, ya kanisa, ya duka, pitia viungo vyako vya zamani leo. Ukikuta kiungo cha kwenda kwa Silja, tafadhali kiondoe.