Odeta na Neno "Kupe"

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Odeta alichota maji ziwani pamoja na wenzake wa Mkuyuni. Njiani walitaniana sana. Miaka ile ya kujenga ujamaa, neno lililotamba midomoni mwao lilikuwa "kupe". Aliyekwepa kulima shamba la shule, kupe. Aliyeomba muhogo wa mwenzake, kupe vilevile.

Mchana mmoja Odeta alirudi nyumbani amechoka, njaa inamuuma. Bibi yake, aliyeletwa kutoka Misungwi baada ya miguu yake kuanza kuvimba, alikuwa ameketi mlangoni.

"Mjukuu wangu, nipatie maji ya kunywa."

"Kila siku nipatie, nipatie!" Odeta alifoka. "Unakula tu, kazi hufanyi. Kupe wewe!"

Jioni Bibi alipoletewa ugali na dagaa, alisema ameshiba. Kesho yake akasema hivyohivyo. Mama alidhani ni homa. Odeta alijua, lakini akanyamaza.

Siku iliyofuata Odeta aliporudi kutoka shule hakumkuta Bibi, wala debe la maji. Alitimua mbio kuelekea ziwani. Alimkuta ameanguka kwenye mawe, maji yamemwagika, goti linatoka damu.

"Bibi! Nani amekutuma maji?"

"Nimekuja mwenyewe," Bibi alisema akihema. "Nilipokuwa na nguvu, niliwatoa ng'ombe wetu kupe kwa mikono hii. Kupe anang'olewa, anatupwa motoni. Sikutaka wanangu wanione hivyo."

Odeta alipiga magoti, machozi yakamtoka. "Nisamehe, Bibi. Sikujua ninasema nini."

Alimwegemeza begani, wakajikongoja mpaka nyumbani. Baba yake, Maige, alipokuwa akimwosha Bibi kidonda, Odeta alimweleza yote bila kuficha. Maige hakumchapa. Alimketisha karibu naye.

"Mwanangu, kupe tunamwita mtu mwenye nguvu zake anayekula jasho la wenzake. Bibi yako alinilea na kunisomesha kwa jembe la mkono. Sasa nguvu zimemwishia, na chakula hiki ni haki yake. Neno usilolielewa usimrushie mtu. Na hata ukilielewa, tazama kwanza unamwambia nani."

"Nimesikia, baba."

"Amesikia, Maige, mwache," Bibi alisema, akamvuta Odeta ubavuni. "Haya, leteni huo ugali. Nina njaa mimi!"

Odeta alimnawisha mikono, wakala sahani moja.