Kikombe cha Chai Kabla ya Kipimo

Kila asubuhi, iwe siku ya shule au ya likizo, Chiriku alimpelekea baba yake chai ya maziwa kwenye karakana nyuma ya nyumba. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Baba yake, fundi seremala, alipuliza chai huku akimtania, "Haya, taarifa ya habari!" Lakini siku hizi kikohozi kilikatiza kila habari. Baba alikonda hadi shati likampwaya, na makohozi yake yalikuwa na damu.

Asubuhi ya kipimo cha hospitali, Mama alimwamuru Chiriku, "Leo baba yako asile wala asinywe kitu." Kisha akaenda kuoga. Baba akamnong'oneza binti yake, "Kikombe kimoja tu, mama. Bila chai mimi si mtu. Iwe siri yetu." Nani angemnyima? Chiriku alimwonea huruma, akampa.

Hospitalini, daktari aliketi nao kwenye benchi nje ya chumba cha vipimo.

"Picha ya kifua imeonyesha uvimbe kwenye pafu," alisema. "Tutapitisha mrija mwembamba wenye kamera kooni mpaka kwenye njia za hewa. Kwa kibrashi tutakwangua, na kwa kikoleo kidogo tutanyofoa vipande vya nyama, vidogo kama punje ya mchele. Maabara itatuambia kama ni saratani. Mzee, umekula au kunywa chochote leo?"

"Hata tone la maji," Baba alijibu bila kupepesa macho.

"Vizuri. Koo litatiwa ganzi, nawe utasinzia. Tumbo likiwa na kitu, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Hiyo ni hatari kubwa."

Chiriku alikumbuka kile kikombe. Alimtazama Baba, Baba alikaza macho sakafuni. Akisema, atamwaibisha baba yake mbele ya watu. Akinyamaza, huenda asimwone tena. Muuguzi akaja kumchukua Baba.

"Amekunywa chai!" Chiriku aliropoka, machozi yakimtoka. "Nilimpa mimi. Ya maziwa, kikombe kizima!"

Mama alishika kichwa. Baba alimgeukia kwa hasira, "Wewe mtoto!" Daktari hakufoka; alisogeza kipimo hadi jioni. Kutwa nzima Baba hakumsemesha binti yake, naye alikaa pembeni, mnyonge kabisa. Jioni kipimo kilifanyika salama.

Majibu yalipotoka siku chache baadaye, wazazi waliingia kwa daktari peke yao. Walipotoka, macho ya Mama yalikuwa mekundu.

"Ni kidonda tu, mwanangu," alisema haraka.

Baba alitikisa kichwa. "Tusimdanganye, mke wangu." Akaketi, akamvuta Chiriku karibu. "Ni saratani, mama. Nitaanza dawa wiki ijayo."

Chiriku alilia kwa kwikwi. Baba alimwacha alie.

"Siku ile nilikukasirikia bure," alisema. "Mimi mtu mzima nilisema uongo, nikakubebesha siri ambayo ingeniua. Daktari hawezi kumsaidia mtu anayemficha mambo. Ukiulizwa kuhusu afya, yako au ya mwenzako, sema kweli hata kama unaogopa. Nasi hatutakuficha kitu tena."

Chiriku alijifuta machozi. "Utakufa, Baba?"

"Sijui, mama," Baba alijibu, naye akaanza kulia.