Ameota

"Nipishe dada, nimebeba damu ya mtu!"

"Na mimi nimebeba yangu, kaka, tena imechemka. Pole yangu iko wapi?"

Lifti ya hospitali ilikuwa imefurika watu, na kijana mwenye koti jeupe alikuwa amekanyaga kiatu kipya cha msusi mmoja aliyekuja kumwona shangazi yake. Msusi alivaa gauni la manjano lililomkaa sawasawa, na macho yake hayakuwa ya mchezo. Kijana aliomba radhi, na kabla hawajafika ghorofa ya tatu alishaomba na namba. Akamwita Nyuki. Msusi naye, aliposikia kwamba kazi yake ni kupima damu maabara, akambatiza Bwana Damu.

Penzi likanoga. Tatizo lilikuwa wivu. Tuseme ukweli, msusi huyu aliweza kuuonea wivu hata mto aliolalia mpenzi wake. Jioni moja saluni, wateja wameshaondoka, simu ya Bwana Damu ikaita. Sauti ya mwanamke, nyororo, ikasikika mpaka kwenye kioo alipokuwa msusi: "Ameota. Njoo."

"Nakuja," akajibu, ameshasimama. "Nataka nimjue leo leo. Huyu si wa kusubiri siku tatu."

"Nani ameota?" msusi akadakia. "Ameota nini? Amekuota wewe?"

"Kazi tu, Nyuki wangu. Nitakueleza."

Akatoka mbio, na hakueleza. Msusi alibaki akifagia nywele sakafuni huku roho ikimuuma. Kazi gani inayoota ndoto? Na huyo wa kujuliwa leo leo ni mwali wa nani?

Jumapili walikwenda kula hotelini. Bwana Damu alipokwenda kunawa mikono, simu aliyoiacha mezani ikaita. Kwenye kioo chake paliandikwa: Daktari wa Njiti. Msusi akaipokea.

"Ameota mwingine," ilisema sauti ileile. "Fanya haraka, tafadhali."

"Sikiliza, dada. Mwenye simu ana mwenyewe. Kama ni kuota, kaote na wako!"

Akaizima, akaifunika kwa kitambaa cha meza. Wakala, wakacheka, na msusi alijiona mshindi. Bwana Damu alipoikumbuka simu na kuiwasha, ujumbe ulimiminika mfululizo, na uso wake ukabadilika.

"Umemwambia nini?"

"Ukweli. Wewe ni wangu."

"Ni mdudu, Nyuki! Aliyeota ni mdudu wa ugonjwa, kama mbegu, kwenye damu ya mtoto njiti! Mtoto amezaliwa kabla ya siku zake, anatoshea kiganjani, na dawa tulizozoea hazimwui mdudu huyo. Mashine mpya inamtambua kwa saa moja badala ya siku tatu, inasema na dawa ya kumuua. Na leo anayejua kuiendesha ni mimi peke yangu."

Aliondoka bila kuaga. Msusi alimfuata, viatu mkononi, na kukaa kwenye benchi la wodi ya njiti. Ng'ambo ya kioo mama mmoja alisimama, mkono ameuingiza kwenye kitundu cha sanduku la joto. Msusi hakuweza kumtazama mara mbili. Aliona aibu.

Hatimaye daktari akatoka. Alikuwa mzuri. Mzuri kweli, wala hakuna haja ya kuficha.

"Wewe ndiye uliyeniambia nikaote na wangu?"

"Ni mimi. Nisamehe, dada."

"Tumebadilisha dawa. Tumechelewa, lakini anapambana. Omba Mungu."

Msusi akaomba, na hakubanduka pale. Asubuhi homa ya mtoto ilikuwa imeshuka, na mama yake akakubali kukaa chini kwa mara ya kwanza. Ndipo Bwana Damu alipokuja kukaa kwenye benchi, macho mekundu, akamwekea simu mapajani.

"Mimi nalala fofofo, Nyuki. Siku moja itaita nisiisikie. Nataka mtu wa kuniamsha."

"Unatafuta kengele?"

"Natafuta mke."

Msusi aliitazama simu, akaona kama inaweza kumlipukia. "Na akipiga yule mzuri?"

"Hasa akipiga yeye."

"Nitaona wivu, nakwambia mapema."

"Ona tu, mpenzi. Lakini pokea."

"Nitapokea," akasema msusi, na machozi yakamtoka. "Nitakuamsha kwa teke."