Glavu Nyeupe za Rosemary

"Korongo, unanisikia?"

"Nakusikia, Mnara."

"Acha kumtazama mwanamke. Tazama mzigo."

Anjelina aliuma meno. Kamera iliyofichwa kwenye fremu ya miwani yake ilikuwa ikirusha picha moja kwa moja hadi kwa Mkuu wake, ndiye huyo Mnara, Dar es Salaam, na tangu asubuhi picha hiyo ilikuwa imejaa mtu mmoja tu.

Rosemary.

Rosemary aliyesimama mbele ya ukumbi wa hoteli, Kilwa Masoko, akiwapangia wateja wake safari ya Misri. Rosemary mwenye gauni la hariri na glavu nyeupe za lesi zilizopanda hadi kwenye viwiko. Rosemary ambaye mkono wake mmoja ulikuwa umetulia begani kwa Alex kana kwamba bega lile amelinunua dukani na risiti anayo.

Na Alex alikuwa wa Anjelina.

Hilo hakuna aliyelijua pale ukumbini. Kwa wasafiri wale, Alex alikuwa mgane tajiri wa Dar mwenye malori yake, na Anjelina alikuwa Stefania, mfanyabiashara wa ufuta kutoka Rutamba. Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa majasusi wa Idara, na Desemba wazee wa Alex walitarajiwa kupanda hadi Newala kupeleka mahari. Pete ya uchumba Anjelina aliitundika kwenye mkufu, ndani ya blauzi, na ilimgonga kifuani kila alipovuta pumzi. Siku hiyo alikuwa anavuta pumzi nzito.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Kuna watu walikuwa wakichimba kwa wizi kwenye kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi, na kutoa meno ya mijusi mikubwa ya kale yaliyogeuka mawe. Meno hayo yalikuja kuibukia Misri, mikononi mwa matajiri wanaostarehe kwenye meli za watalii za Mto Nile. Kila yalipoibuka, kikundi cha Rosemary kilikuwa kimetoka kupita. Mabegi ya wasafiri yalipekuliwa mpaka kwenye bitana, wala hakikuonekana kitu.

Ndipo Alex akatumwa amkaribie Rosemary.

Amkaribie, jamani. Si aegemewe kama ukuta.

"Kairo tutapumzika kwanza," Rosemary alikuwa akisema, huku picha za mapiramidi zikipita ukutani nyuma yake. "Mapiramidi ya Giza tutayaendea alfajiri, kabla jua la jangwani halijachachamaa. Mwongozaji wetu ni Mmisri anayesema Kiswahili kama mmezaliwa mtaa mmoja. Halafu Luksor, kwenye hekalu la Karnak, na pale tunapanda meli kuelekea Aswani. Huko Wanubi watatupokea kwa Usiku wa Utamaduni. Wao watatuonyesha vyao, na sisi tutawaonyesha vyetu."

Mzee Noorali aliinua mkono. Yeye na mkewe, Bi Shahbanu, walikuwa na duka la vitambaa Lindi, na safari hii walikuwa wakiiota tangu ujanani. "Samahani binti. Mke wangu anauliza kuhusu msikiti wa kina mama."

"Sikuuliza msikiti!" Bi Shahbanu alimpiga kofi mkononi. "Nimeuliza ngazi za piramidi. Nyonga zangu hizi!"

Ukumbi ulicheka. Hata Anjelina alitabasamu, mpaka Rosemary alipoanza kugawa vyumba vya melini.

"Bwana Alex, ghorofa ya juu. Mlango wako unatazamana na wangu." Sauti yake ilikuwa na asali. "Na Bi Stefania wa Rutamba, wewe ghorofa ya chini, jirani na injini. Nyie watu wa shamba kelele haziwasumbui, au sio?"

"Hazitusumbui, dada," Anjelina alijibu. "Hata paka wakililiana juu ya bati, sisi tunalala."

Sikioni mwake Mkuu alikohoa. "Korongo. Mzigo."

Mzigo ulikuwa unaingia. Wahudumu walileta vikapu vya ukindu, kimoja kwa kila msafiri, vimeshonwa juu kwa uzi wa katani. Rosemary alikipapasa kimoja. "Hizi ni korosho zetu za Lindi, pamoja na maganda yake, wenyeji wetu waone zilivyo asili. Kila mtu atabeba chake mkononi. Tafadhali msivifungue njiani."

Anjelina alikipakata chake akashangaa. Korosho ghafi? Kwao Newala mgeni hupewa korosho iliyobanguliwa na kukaangwa, nyeupe, tamu. Ukimpa iliyo ndani ya ganda humpi zawadi, unampa kibarua.

Bi Shahbanu naye alikuwa amekwisha kununa. "Hata hazijabanguliwa," alimnong'oneza. "Si watatuona hatuna adabu huko?"

Anjelina alijifanya anarekebisha miwani. "Mnara, mzigo ni korosho."

"Safari iliyopita tulizipitisha kwenye mashine ya uwanja wa ndege. Zilionekana korosho."

"Naomba tupasue moja."

"Tukikosa, tumejianika na mwanamke anatoroka. Una sababu gani?"

Anjelina alizipapasa korosho kupitia ukindu.

"Anjelina," Mkuu alisema, na mara chache sana alimwita kwa jina. "Wivu si ushahidi."

Maneno yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli. Alikuwa na wivu. Aliuona kila Rosemary alipocheka, aliumeza na mate, nao ukarudi juu. Alitamani mwanamke yule awe mwizi, awe muuaji, awe na meno bandia, awe chochote kibaya.

Wakati wa chai Alex alimsogelea penye chupa. Hakumtazama usoni.

"Unanuna bure, mpenzi," alinong'ona. "Ni kazi."

"Kazi yako inacheka sana."

"Vumilia kidogo tu." Aliinama kuchukua sukari.

Ndipo Anjelina akaiona shingo yake.

Nyuma, chini kidogo ya nywele, palikuwa na alama nne zilizopangana. Ngozi ilikuwa nyekundu, imetoka malengelenge, na kingo zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi na kubabuka.

"Shingo imefanya nini?"

"Harara. Joto la Kilwa hili."

Alex alikuwa mtoto wa Moshi, aliyekulia kwenye kahawa na migomba. Harara angeweza kuamini. Lakini Anjelina alilelewa kwenye uwanja wa bibi yake, kina mama wakibangua korosho kuanzia asubuhi hadi jua linapozama. Yale madoa aliyajua kabla hajajua kusoma. Ganda la korosho lina mafuta makali. Yakikugusa leo huhisi kitu. Kesho yake unajikuna, na keshokutwa ngozi inaondoka. Ndiyo maana mbanguaji hupaka majivu mikononi, na asiyepaka huungua yeye pamoja na kila anayemshika.

Alama nne. Vidole vinne.

Kuna mtu alikuwa amepasua korosho kwa mikono mitupu, kisha mikono hiyohiyo ikamkumbatia Alex shingoni.

Anjelina aligeuka akazitazama glavu nyeupe za lesi, katika joto lile ambalo hata feni zilikuwa zinatoka jasho. Asubuhi nzima alidhani ni maringo.

Ilimuuma. Tuseme ukweli, ilimuuma kuliko risasi, na Anjelina alikwisha kupigwa risasi. Alitaka kulia pale pale penye chupa ya chai. Badala yake aliweka kikombe chini taratibu.

"Mnara, sababu nimeipata."

"Ipi?"

"Anapasua korosho. Mtu hapasui korosho anazotaka zionekane asili."

Mkuu akasema neno moja.

"Endelea."

Anjelina alikata uzi wa kikapu chake kwa kisu cha mkate, akachota korosho kiganjani na kuliokota jiwe lililozuia mlango. Alitembea hadi meza ya mbele.

"Dada Rosemary, kwetu zawadi ya wageni huonjwa kwanza."

"Nimesema msifungue!"

Jiwe lilishuka.

Korosho haipasuki kirahisi. Hii iliachana katikati, kwenye mstari wa gundi, na ndani hakukuwa na kiini. Kulikuwa na jino. La kahawia, limepinda, ukingo wake kama msumeno.

"Ya Allah!" alisema Mzee Noorali, akakisukuma kikapu chake mbali kwa mguu.

Rosemary alikwisha kuruka. Aliipindua meza ya projekta, akaushika mkoba wake na kukimbilia mlango wa jikoni. Alex alikuwa amesimama pale pale mlangoni.

"Kipanga, mzuie!" Anjelina alipiga kelele, akimwita Alex kwa jina lake la kazi.

Alex alimtazama Rosemary. Akasita. Ilikuwa kufumba na kufumbua tu, lakini ilitosha. Rosemary alimpita ubavuni, na nje Prado nyeupe iliunguruma.

Anjelina alilitia jino mfukoni, akampita Alex bila kumtazama.

"Kaka, pikipiki!" alimwambia bodaboda aliyekuwa kivulini.

"Wapi, dada?"

"Naendesha mwenyewe. Idara italipa."

Boxer ilitoka na vumbi. Prado ilikuwa mbele, ikikata kona kuelekea kiwanja cha ndege. Kuku walitawanyika. Muuza mihogo alitukana kwa Kimatumbi. Anjelina alilala juu ya tangi, upepo ukimvua ushungi, Glock 19 ikimbana kiunoni.

"Mnara, ana ndege?"

"Cessna moja imewasha injini sasa hivi. Polisi wako nyuma yako."

"Wako mbali?"

"Mbali."

Geti la kiwanja lilikuwa limekwisha kuvunjwa na Prado. Cessna ilikuwa inatembea polepole, mlango wazi, na Rosemary alikuwa anaikimbilia bila viatu. Anjelina aliiachia pikipiki ianguke, akapiga goti na kufyatua.

Risasi moja, gurudumu la mbele. Pua ya ndege ikainama, pangaboi likachimba lami na kunyamaza. Rubani akatoa mikono yote miwili dirishani.

Rosemary aligeuka na Beretta mkononi.

Alielekeza. Alitaka kufyatua. Lakini kidole ndani ya ile lesi kilikuwa kimevimba, na hakikuingia kwenye tundu la kifyatulio. Alikisukuma, uso ukamkunjamana kwa maumivu, na alipoinua macho Glock ilikuwa imefika kwenye paji la uso wake.

"Iangushe. Vua glavu."

Zilitoka na ngozi. Vidole vilikuwa vyeusi, vimebabuka, vinatia huruma hata kwa adui.

"Hukupaka majivu," Anjelina alisema. "Bibi yangu angekucheka mpaka jioni."

Rosemary alihema. Macho yake yalishuka hadi kwenye pete iliyokuwa imechomoza nje ya blauzi, akaelewa, akacheka kwa dharau. "Kumbe Alex ni wako! Kwa hiyo kilichokuleta hapa ni wivu tu."

"Wivu," Anjelina alikubali, "na pingu."

Zilifunga kwa mlio mmoja.

Land Cruiser ya polisi ilipowasili, Alex ndiye wa kwanza kuruka. Alipunguza mwendo alipomkaribia.

"Anjelina. Ilikuwa kazi."

"Kazi ilikuwa umkaribie. Mkono uliovuliwa glavu, shingoni, nani alikuagiza?"

Alex aligusa shingo yake. Pale mlangoni alikuwa amesita mbele ya macho ya Anjelina, na wote wawili walijua kwa nini.

"Nisamehe, mpenzi wangu."

Anjelina aliushika mkufu akauvuta mpaka ukakatika. Alitoa mfuko wa nailoni wa vielelezo, akatia glavu mbili, Beretta, na jino. Kisha akatia pete, akafunga mdomo wa mfuko na kumkabidhi.

"Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki," alisema. "Wewe umetoka malengelenge. Paka mafuta ya nyonyo, yatakauka."

Akamwacha amesimama na mfuko wake.

Machozi yalikuwapo. Aliyafuta kwa mgongo wa mkono akaiinua Boxer ya watu.

"Korongo," sauti ya Mkuu iliita, safari hii kwa upole. "Kazi nzuri. Wasafiri je?"

"Hawana hatia. Watafutieni mwongozaji mwaminifu. Mzee Noorali na mkewe lazima waione Karnak, na Bi Shahbanu asipandishwe ngazi."

"Itafanyika. Na wewe?"

Anjelina alipiga stata.

"Naomba likizo, Mkuu. Misri. Chumba cha mtu mmoja, ghorofa ya juu."

Akatia gia, akaelekea hotelini kuirudisha pikipiki.